Sili ya Upande wa Sumaku

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, siyo. Kumi na saba ndio mwaka upepo ulipoezua bati za ghala la ndizi pale Bulyaga, na wakati huo Tulinagwe, ambaye tutamfikia, alikuwa bado hajaolewa. Basi ni kumi na tisa, baada ya Pasaka, mvua zikiwa bado hazijachoka kunyesha. Ndio mwaka Ezron Mwakipesile alipoifufua chenso ya rafiki yake Danieli, ule msumeno wa injini wa zamani, na ikamfia tena mikononi.

Ukifika Bulyaga ukamuulizia Ezron, watakuuliza Ezron yupi. Ukisema Mzee Sili, hata mwenye kuuza karanga atakunyooshea kidole: shuka hapo chini, pita migomba ile, ukisikia kitu kinakohoa petroli, umefika. Jina hilo walimpa wateja. Mtu akimletea mashine iliyokufa, awe ameibeba kichwani au kwenye bodaboda, huanza kueleza: mzee, plagi mbovu, mzee, kabureta imeziba. Ezron humwacha amalize. Kisha husema, tumeangalia sili? Sili ni kile kipete cha mpira kinachokaa pale mhimili wa injini unapotokea, kuzuia oili isitoke na hewa isiingie. Kitu kidogo, unaweza kukisahau mfukoni. Lakini kikichakaa, injini inavuta hewa pembeni, inapata joto, inajitafuna yenyewe. Basi wakamwita Sili, naye akaitika.

Kibanda chake ni cha mabanzi, nyuma ya nyumba. Humo utakuta pampu za maji zilizotoka Kyela, jenereta ya kwaya, bomba za kupulizia dawa, mashine za kukatia chai ambazo mashamba yalishazitupa zamani. Mashine mpya hazipendi. Husema zimetengenezwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Ya zamani ukiifungua unaona kabisa aliyeiunda alijua kuna siku itafunguliwa.

Spea za mashine hizo hazipo madukani, kwa hiyo maisha ya Ezron yamekuwa ni ya kutembea. Amezunguka kwa wauza chuma chakavu wa Uyole, akachokonoa marundo yao kwa fimbo mpaka wakamzoea. Amekwenda misibani akazika, akakaa na wafiwa siku zote zinazostahili, kisha ndipo akauliza kwa upole kama marehemu aliacha vyuma. Mkewe, Alinanuswe, alikuwa akimtania kwamba akifa yeye, mume wake ataanza kwa kuangalia kama kuna kitu cha kufungua.

Danieli ni wa Ikuti. Walijuana ujanani, kwenye msitu wa Kawetele, walipokuwa wakiangusha miti: Ezron anashika chenso, Danieli anabeba dumu la petroli na kabari. Mashine zile zilipochoka, wakubwa wakaziuza, Danieli akachukua moja. Akapasua nayo mbao miaka mingi, mpaka siku ilipokataa. Akaifunga kwenye gunia, akaiweka darini, akanunua nyingine ya kisasa, na hiyo ya kisasa haikumaliza hata masika mawili.

Mwaka huo binti yake Danieli, Lilian, alifiwa na mume, akarudi nyumbani na watoto. Wakawa wanalala jikoni, moshi unawakuta usingizini. Danieli akaanza kumjengea nyumba pembeni ya migomba. Kuta zikasimama. Kenchi na mbao zingetoka kwenye mikaratusi yake mwenyewe, iliyokuwa imesimama pale bondeni, mirefu, imenyooka. Tatizo likawa kukata. Kule Ikuti, ukimwita mwenye chenso aje akupasulie, anaondoka na nusu ya mbao. Nusu iliyobaki isingetosha kuezeka. Au umuuzie mfanyabiashara miti ikiwa imesimama, aje na vijana wake, akuachie visiki na hela isiyonunua hata kenchi. Danieli akapanda darini, akashusha lile gunia.

“Nkamu,” alisema alipolifungua pale kibandani, maana wazee wa kwetu huitana hivyo wakiwa ndugu au kama ndugu, “mimi sitaki maneno mengi. Kama imekufa, niambie imekufa, nikauze miti.”

Ezron aliigeuza, akaivuta kamba yake, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Angeweza kusema imekufa, yakaisha. Akasema, “Lilian atalala chini ya mbao za mti wako. Niachie.”

Na neno hilo likamfunga.

Pistoni ilikuwa imechanika ubavuni. Aliitafuta Tukuyu hakuna, Uyole hakuna, Mbeya mjini wakamwonyesha za Kichina ambazo hata kwa macho tu ziligoma. Akaipata mwishowe Kyela, kwa mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa mpasua mbao. Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, imelowekwa kwenye grisi, haijawahi kuingia kwenye silinda. Mjane yule akasema, mzee, marehemu alizunguka mpaka Malawi kuipata, na hakuna nyingine, alishaniambia. Ezron akampelekea baadaye gunia la viazi kutoka mlimani, na aliporudi nyumbani akaiweka pistoni ile kwenye kikombe chake cha chai, akaifunika kwa sahani, akakataza mtu asikiguse.

Zikabaki sili. Hizo zilikuwa mbili, moja upande wa mnyororo, moja upande wa sumaku, na za zamani zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ng'ombe. Alimpelekea vipimo Lusungu, kijana mwenye duka la spea Mwanjelwa, mtu mwaminifu. Lusungu akatafuta, akampata mwenzake mwenye mzigo wa zamani, akazituma kwa kondakta wa basi, zimefungwa kwenye gazeti. Ezron akazipima kwa kidole na kwa rula. Zilikaa barabara. Maandishi yaliyokuwa juu yake yalikuwa madogo, na macho ya Ezron yalishaanza kumdai miwani. Akazigonga taratibu kwa kipande cha ubao, zikaingia.

Sasa, hapa lazima nieleze habari ya nyumba yake, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea.

Tulinagwe ni mke wa Baraka, mtoto wa Ezron aliyekuwa machimboni Chunya. Kwao wakina Mwakipesile mkamwana, yaani mke wa mwanao, hakuangalii usoni. Hatamki jina lako wala neno linalofanana nalo. Ukiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa jikoni. Akiwa na jambo analipitisha kwa mtu mwingine. Wengi Tukuyu wameshaacha. Wachungaji wamelisema, vijana wamelicheka. Lakini kuna nyumba chache limebaki, na ya Ezron ni mojawapo. Mwenye kulifungua ni baba mkwe mwenyewe. Anampa mkamwana kitu mkononi, kuku au kitenge, mbele ya watu, anamwambia, mama, sema na mimi, basi yamekwisha.

Alinanuswe alimkumbusha mara nyingi. Kitenge kilishanunuliwa, kiko kabatini, kinanuka karafuu ya kufukuzia nondo. Ezron anasema tumsubiri Baraka aje. Baraka akaja, akaondoka. Ezron akasema tusubiri mtoto azaliwe. Mtoto akazaliwa, akaanza kukaa. Haikuwa ukali. Ezron si mtu mkali, hata mbwa wa jirani humlalia miguuni. Ila alikuwa ameizoea heshima ile. Nyumba ilikuwa kimya, chai anaikuta mezani, na binti yule alikuwa na njia zake. Akitaka kusema chakula tayari, anawaambia kuku: “Nyie kuku, tokeni hapo, ugali wa watu utapoa.” Ezron anaweka bisibisi chini, ananawa.

Na kwa kuwa mji mzima ulimwita Mzee Sili, Tulinagwe aliona sili nalo ni jina la baba mkwe. Hakulitamka. Siku moja alimweleza mama mkwe wake kwamba kuna mteja ameleta kile kimpira cha kwenye mashine. Ezron alisikia akiwa kibandani, akacheka mpaka akakohoa. Na kusema kweli aliona raha. Mtoto wa watu anamheshimu mpaka kwenye spea.

Chenso ikakamilika Ijumaa. Akachanganya petroli na oili, akavuta kamba, ikaguna, akavuta tena, ikawaka. Moshi wa buluu ukajaa kibanda. Aliiacha ingurume kidogo tu, akaizima, akakaa chini. Alinanuswe hakuwepo kusikia. Alikuwa Kyela kumuuguza dada yake. Ezron akajikuta hana wa kumwambia, akawaambia kuku. Jikoni kuna mtu alicheka taratibu, kisha akanyamaza.

Jumamosi alipita sokoni akanunua mpira wa maji, wa kuvutia maji kutoka bombani mpaka kwenye pipa, maana Tulinagwe alikuwa akibeba ndoo na mtoto mgongoni. Mpira wenyewe ukawa mpana, haukushika bombani. Jumapili walienda kanisani, kila mmoja kwa njia yake.

Jumatatu asubuhi akamwita mwenye bodaboda, akaifunga chenso nyuma kwa mpira wa baiskeli, akaondoka. Simu aliiacha sebuleni inachaji. Alikuwa hajamaliza hata kupanda kilima pale simu ilipolia. Tulinagwe akaiacha ilie. Ikalia tena. Mtoto akaamka, ndipo Tulinagwe akaipokea.

Alikuwa Lusungu wa Mwanjelwa. Akasema, mama, shikamoo, mwambie mzee asiiwashe ile mashine. Yule mwenzangu amekagua mzigo wake, ile sili ya upande wa sumaku si ya petroli, ni ya pampu ya maji. Vipimo sawa, mpira tofauti. Petroli ikikaa nayo siku mbili tatu inalainika kama ugali. Mwambie asubiri, nyingine inakuja na basi la mchana.

Tulinagwe alitoka mbio na mtoto kiunoni. Akakata njia kwenye migomba, akatokea barabarani. Bodaboda ilikuwa imesimama mbele kidogo, dereva anajaza upepo. Ezron amekaa nyuma, amempa mgongo. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliona kola ya koti lake imejikunja. Angeita, angesikika.

Hakuita. Alisimama pale, akamwona Esnath, jirani yao, anapanga maparachichi yake kwenye beseni upande wa pili wa barabara. Akamkimbilia, akamwambia kwa haraka, mama, mwambie baba pale, kile kimpira si chenyewe, asubiri. Esnath akamuuliza kimpira gani. Tulinagwe akasema, kile kimpira, yeye anajua. Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki.

Esnath akapaza sauti. “Baba Baraka. Nyumbani wanasema mpira si wenyewe. Usubiri.”

Ezron akageuka nusu, akacheka. “Nimeuona, mama. Mpana. Mwambie aufunge na kamba, nikirudi nitaubadilisha.”

Wakaondoka. Esnath alimrudia Tulinagwe, akamwambia ujumbe umefika, amesema uufunge na kamba. Tulinagwe akabaki ameshika simu ya baba mkwe, nayo haina namba ya mtu yeyote wa Ikuti.

Kule bondeni kwa Danieli watu walikuwa wameshakusanyika. Wapo waliotoka kuchuma chai na vikapu vyao mgongoni, wapo waliokuja kucheka. Mmoja akasema chenso hiyo ni ya umri wa babu yangu, itaomba kiti. Danieli akamjibu kwamba babu yako alikuwa akiomba kiti tangu akiwa kijana. Lilian alisimama nyuma na mtoto mdogo, anaangalia juu ya mti tu. Wakasali. Ezron akavuta kamba.

Iliwaka mara moja. Sauti ile ikazunguka bonde zima, ikagonga upande wa pili ikarudi, na Danieli akafumba macho. Ezron akamwachia mwenyewe. Danieli akakata mdomo wa mti, kabari ikatoka safi, akazunguka nyuma, akaanza kukata. Vumbi la mbao likamwagika kama unga.

Walikuwa wamefika katikati ya mti sauti ilipobadilika. Haikukoroma. Ilipanda. Ikawa nyembamba, ikazidi kupanda yenyewe bila mtu kuongeza mafuta, na watu wakafurahi, wakadhani ndiyo nguvu. Ezron peke yake ndiye aliyeelewa. Sauti ile ni ya injini inayovuta hewa. Aliruka, akaipapasa swichi juu ya mkono wa Danieli. Kabla hajaizima, ikajizima. Mlio mmoja mkavu, kama jino linavunjika, na kimya.

Akavuta kamba. Kamba haikuja.

Waliifungua palepale juu ya gunia. Pistoni ya mjane wa Kyela ilikuwa imekwaruzika pande zote, imeng'ang'ania silinda, ringi zimekatika. Ezron akaondoa sumaku, akaingiza kidole nyuma yake, akatoa kidole chenye kitu cheusi cha kunata. Akakiangalia muda mrefu. Wachuma chai wakaokota vikapu vyao, mmoja mmoja.

“Imenoki,” Danieli alisema.

“Imenoki.”

“Hakuna nyingine?”

Ezron akatikisa kichwa. Danieli akaweka mkono kwenye ule mti uliokatwa nusu, akaupapasa. Mti wa namna hiyo hauachwi. Upepo ukija unaangukia popote. Akasema atamwita mfanyabiashara kesho, maana huu tayari hauwezi kusubiri, na akija kwa mmoja atachukua yote. Akamgeukia binti yake. Lilian alikuwa ameshaanza kupanda kurudi juu, kwenye zile kuta zisizo na paa.

“Ndaga, nkamu,” Danieli alimwambia Ezron, asante, na hapo hapakuwa na kejeli hata kidogo, ndiyo maana iliuma zaidi. “Angalau tumeisikia.”

Ezron alirudi Bulyaga na hasira, na hasira yake yote ilikuwa kwa Lusungu. Alifika sebuleni, simu ilikuwa pale pale kwenye chaji, akampigia. Akamwambia maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu wa umri ule. Lusungu akamwacha amalize, kama Ezron mwenyewe anavyowaacha wateja. Kisha akasema, “Mzee wangu, kosa ni letu, sikatai. Lakini nilipiga asubuhi. Alipokea mama mmoja hapo kwako, nikamwambia kila kitu. Akasema atakufikishia.”

Ezron akakata simu. Akatoka akaenda kwa Esnath, akamuuliza aliambiwa nini asubuhi, neno kwa neno. Esnath akaeleza. Aliambiwa kimpira. Alimuuliza kimpira gani, hakuambiwa. Alimwona binti wa watu ametoka kwenye migomba anatweta, amesimama barabarani nyuma ya bodaboda, mdomo wazi, hakuna kilichotoka. “Mimi nilidhani ni huo wa maji,” Esnath alisema. “Wewe mwenyewe ulidhani hivyo hivyo, Baba Baraka. Usinitazame hivyo.”

Ezron alikaa kwenye jiwe la Esnath mpaka maparachichi yakaisha kwenye beseni.

Alinanuswe aliporudi kutoka Kyela, Ezron hakungoja Baraka wala mtu mwingine. Wakaitwa majirani wachache, kitenge kikatolewa kabatini, akamwekea Tulinagwe mkononi, akasema maneno yanayotakiwa. Tulinagwe akapiga goti, akasema, “Ndaga, baba.” Ilikuwa sauti nzito kuliko ile Ezron aliyoizoea ikiwasemesha kuku. Tangu siku hiyo wanaongea. Anamwambia mtoto ana homa, anamwambia kuna mteja, na sili husema sili. Siku nyingine humtania kwamba kuku wamepumzika.

Mfanyabiashara aliikata mikaratusi ya Danieli yote, akaacha visiki. Nyumba ya Lilian bado kuta, juu wamefunika turubai. Ezron huenda Ikuti, hukaa na Danieli, hunywa chai. Danieli hajawahi kumuuliza kilichotokea, na Ezron hajui kama ni huruma au ni kitu kingine.

Ila kuna jambo moja analomuuliza Tulinagwe. Ameliuliza akiwa peke yake naye, ameliuliza mbele ya Alinanuswe, siku nyingine wakimenya ndizi, siku nyingine bila sababu. Tulinagwe hujibu kila kitu siku hizi, lakini hili likija, huangalia chini kama zamani, akaendelea na kazi yake. Ezron alimuuliza hata mchungaji, mchungaji akasema tuombe.

“Mama, siku ile barabarani, ulipouona mgongo wangu na mdomo ukafunguka, ulitaka kuniita nani?”